Santuri Kwenye Kichanja cha Dagaa

Jumatatu, 4 Agosti

Jana tena. Yule kijana Revocatus kaingia baa ya Matrida kando ya ziwa, miwani ya jua usoni ilhali yuko ndani ya nyumba, kachomoa kitu kidogo kama ukucha, kakichomeka kwenye spika. Flashi! Eti Jumapili ya Zilipendwa. Watu wazima wenye wajukuu wakasimama kucheza. Muziki wa miaka ya sabini unatoka kwenye kitu ambacho kuku akikimeza hasikii uzito. Mimi nilibaki nimekaa, kwa heshima ya muziki.

Nikashindwa kuvumilia. Nikainuka nikawaeleza kwamba muziki unakaa kwenye santuri. Sahani nyeusi, pana, unaishika kwa kingo kama unavyoshika mtoto wa watu. Sindano ikigusa tu, hata mpiga gitaa aliyekwisha kufa unamsikia anavuta pumzi. Flashi haina pumzi. Walinisikiliza mpaka wimbo mwingine ulipoanza. Matrida, mwenye baa, akasema kama ninazo hizo santuri nizilete Jumapili. Zikipendwa, Jumapili zote zitakuwa zangu na Revocatus atakaa kama mteja.

Nimekubali mbele ya watu wote. Sasa tatizo. Gramafoni ninayo: mteja aliniletea niitengeneze enzi hizo nikiwa fundi redio, hakurudi, na mimi sikumtafuta. (Siku hizi kibandani kwangu Nyasho, hapa Musoma, nauza chaja na makava ya simu. Mimi, Mugeta mzima, nauza makava!) Lakini santuri ninayo moja tu, nayo ni ya mafunzo ya kilimo cha pamba. Bwana shamba anaongea pande zote mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Mke wangu Marieta anauza dagaa, na wauza dagaa wanajua habari za mkoa mzima kabla ya mkuu wa mkoa. Leo kanieleza habari za mjane mmoja wa Buswahili, Bibi Gaudensia. Mumewe, Mzee Burito, alikuwa mwimbaji wa bendi kule Bunda ujanani. Kafariki mwaka jana, kaacha sanduku la santuri. Jumamosi tarehe 23 kuna misa ya kumbukumbu, na baada ya misa ukoo utagawana vitu vya marehemu.

Wagawane! Nawajua hao. Mmoja atafunikia kibuyu cha maziwa, mwingine atawapa watoto wazungushe barabarani. Lazima niziokoe. Kununua sinunui, mtu anayehifadhi historia hanunui. Nimewaza mchana kutwa, mteja akisubiri chaja yake, mpaka nikapata. Utani! Bibi yangu mzaa baba alitoka ukoo ambao ni watani wa ukoo wa Burito. Kama si huo, basi ukoo wa jirani yao. Mtani anaingia msibani, anamsema marehemu apendavyo, anabeba kitu, na mwenye msiba haruhusiwi kukasirika. Ndiyo mila.

Marieta akanikumbusha kuwa mtani ndiye pia anayechota maji na kusugua masufuria. Nikamwambia huo ni upande wa mila usionihusu.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane)

Ushindi! Wenzangu wamekwenda kwenye maonyesho kushangaa ng'ombe ambao wanao nyumbani. Mimi nimekwenda Buswahili. Nikaingia uani kwa Bibi Gaudensia napaza sauti kwamba Burito hakuugua chochote, amekufa kwa uvivu tu, aliona palizi inakaribia. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Akasema tangu wazike hajapata mtani wa maana. Niliona machozi, lakini ya kucheka.

Sanduku lilikuwa darini, juu ya jiko la kuni. Santuri zote zimevaa masizi. Nikalitwika begani, nikatangaza kuwa nimeliteka. Hapo Bibi akaacha kucheka. Akaniomba nilitue. Akachagua santuri moja, akaifuta taratibu kwa pindo la khanga. Ndiyo pekee ambayo Mzee Burito aliimba yeye mwenyewe. Humo anambembeleza msichana aitwaye Gauda amsubiri mpaka pamba iuzwe. Gauda ni yeye, na alimsubiri.

Akaniambia, "Mtani, hizo zingine beba, ni zako. Hii chukua, ila uniletee siku ya misa, pamoja na hiyo mashine yako. Mashine yetu iliharibikaga zamani, na sauti ya Burito haipatikanagi kwingine. Nataka niisikie mara moja tu. Halafu hao wagawane wanachotaka."

Nikamwahidi. Kwa bahati yake amemkabidhi mtu makini.

Jumapili, 10 Agosti

Kwa Matrida. Nimefika mapema, nimetandika mezani kitambaa cha Marieta cha wageni, nikaweka gramafoni juu yake. Nikaanza na ya Mzee Burito. Kwa nini nianze na ndogo? Sindano ikashuka. Kwanza mkwaruzo, halafu gitaa, halafu yeye, kijana, hajui kuwa atazeeka. Watu wakatua chupa mezani. Hata mimi nilijikuta nimevua kofia. Ndiyo maana nikaanza kuongea, ili watu waelewe wanachosikia. Nikaeleza sindano inavyofanya kazi, nikaeleza ubovu wa flashi. Niliongea kwa sauti ya kutosha, maana mwimbaji naye alikuwa juu.

Shukrani ya punda ni mateke. Walichosikia wao ni mkwaruzo tu. Mmoja akasema ni kama kuna mtu anakaanga dagaa nyuma ya bendi. Matrida akasema sauti ni nzuri sana, lakini nikazisafishe kwanza. Nikizirudisha bila mkwaruzo, Jumapili ni zangu.

Na Revocatus, kwa ule upole wake wa kinafiki, akaja kuniomba nimwazime ile ya Mzee Burito aihamishie kwenye flashi, isije ikapatwa na jambo. Ipatwe na jambo mikononi mwangu! Nikamjibu mbele ya watu kwamba sauti ya mwanaume haiwekwi kwenye kitu kinachoweza kupita kwenye mfuko uliotoboka. Mtu mwenyewe hana hata adabu ya kusikiliza. Wimbo mzima alikuwa ameinua simu karibu na meza yangu. Nadhani alikuwa anamwandikia mtu jinsi alivyoshindwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda Bunda. Vumbi, bajaji, na watu wanaojiona wako mjini. Nilimfuata Gibson, fundi aliyekuwa akitengeneza vyombo vya bendi ya Mzee Burito, nitafute sindano mpya. Sindano anayo. Nikamuuliza habari ya masizi. Akasema nizioshe kwa maji na sabuni, halafu niziache zikauke vizuri, ila nichunge sana. Alipofika kwenye kuchunga akaanza kuvuta maneno, mara zamani ilikuwa hivi, mara fulani aliharibu zake. Nikamkatiza. Sijatoka Musoma kuja kufundishwa kuanika.

Alhamisi, 14 Agosti

Siandiki kwa furaha.

Asubuhi nilisugua santuri zote kwenye beseni la Marieta. Maji yakawa meusi kama wino. Zikang'aa. Karatasi za katikati nyingi zilibanduka, lakini karatasi haiimbi. Ikabaki kuzikausha. Uwanja wetu hapa Nyasho ni kivuli cha ukuta wa jirani na kuku wake. Marieta alikuwa anakwenda kwa dada yake Bukima, ambako wana vichanja vya kuanikia dagaa pale ufukweni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi bado kali, kwa hiyo wavuvi hawajaingia ziwani, vichanja vitupu. Nikaona huo ndio mpango. Kitu kikianikwa kwenye kichanja cha Bukima kinapata upepo juu na chini. Dagaa tumekausha hapo, mihogo tumekausha hapo, hata joho la padri lililolowa mvua lilikaukia hapo.

Marieta akasema, "Baba Gloria, hizo si dagaa."

Nikamwambia najua, dagaa hawaimbi.

Nikazipanga kwa mistari. Ya Mzee Burito nikaiweka katikati, penye jua zuri kuliko pote, kwa heshima yake. Kisha nikajilaza kidogo nyuma ya kibanda cha nyavu.

Nimeamshwa na vicheko vya wanawake. Jua la mchana lilikuwa limekwisha kazi yake. Santuri nyingine zilikuwa zimelegea na kuning'inia kama nguo mbichi, nyingine zimekunja kingo kama chapati iliyogoma. Ya Mzee Burito ilikuwa imedidimia katikati na kuinuka pembeni pande zote. Bakuli. Bakuli kamili, hata fundi asingeweza kulitengeneza vile. Mama mmoja akauliza kama ninayo mengine makubwa zaidi.

Nikazigandamiza kwa mawe. Zikapasuka, isipokuwa lile bakuli, ambalo lilikataa kupasuka na kukataa kunyooka. Marieta aliokota vipande kimoja kimoja. Naandika hapa ili ijulikane: kosa ni la Gibson. Mtu mwenye jambo la maana hulisema mwanzo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimejaribu pasi ya mkaa. Sitaki kulizungumzia. Bakuli sasa lina mdomo upande mmoja.

Kwa Matrida sikwenda. Spika ya Revocatus inasikika mpaka hapa, na upepo wa ziwa unamsaidia.

Jumatano, 20 Agosti

Nimelala vibaya siku zote hizi. Namwona Bibi Gaudensia akifuta ile santuri kwa pindo la khanga. Si kwamba najilaumu. Ni uchovu.

Lakini leo akili imerudi. Ile karatasi ya katikati ya santuri ya Mzee Burito niliiokota kwenye beseni siku ile nikaikausha, sasa nimeibandika kwa uji mzito juu ya santuri ya kilimo cha pamba. Ukiitazama huwezi kujua. Siku ya misa nitaweka gramafoni mbele ya watu, nitainamisha kichwa, nitashusha sindano, na papo hapo nitakanyaga kwa kisigino swichi iliyo kwenye waya wa umeme. Umeme umekatika! Nani atamlaumu mtu kwa umeme kukatika? Bibi atahuzunika, lakini hatakuwa na wa kumkasirikia. Huzuni ya namna hiyo huisha upesi.

Marieta akauliza kama si rahisi zaidi kwenda mapema kumwambia Bibi ukweli, na kumwomba Revocatus msaada. Nikamweleza kwamba mambo rahisi hufanywa na watu wa kawaida. Baadaye akaniomba nimpe lile bakuli alihifadhi, lisije likakanyagwa. Nikampa. Hatimaye ameanza kunielewa.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimefika Buswahili asubuhi na suti yangu ya kahawia, nikitarajia kiti cha mbele. Wazee wa ukoo wakanipokea kwa vigelegele. Mtani kaja! Wakanipa ndoo. Kumbe mtani mwingine hakuna, ni mimi peke yangu niliyejitangaza. Nimechota maji. Nimepasua kuni. Nimesugua sufuria ambalo ilibidi niingie mpaka mabegani, na watu wakaniuliza huko ndani kuna habari gani. Padri alipokuwa anahubiri nilikuwa nafukuza mbwa kwenye nyama. Marieta amekaa na Bibi Gaudensia jikoni, wananong'ona kama ndugu. Na anayeshuka kwenye bodaboda ni nani, miwani ya jua usoni? Revocatus. Eti kaalikwa.

Baada ya misa watu wakakusanyika uani. Bibi akaketi mbele, khanga mpya, mikono magotini. Nikaweka santuri. Nikainamisha kichwa. Nikashusha sindano, nikapapasa kwa kisigino, swichi haipo. Vijana wa nyumba walikuwa wameunga gramafoni yangu moja kwa moja kwenye betri ya sola. Jua lilelile lililoniumbua Bukima likaanza kuzungusha sahani, bila haraka, bila kukatika.

Bwana shamba akawasalimu ndugu wakulima. Akawataka wapande kwa mistari. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali. Nikatangaza kwamba huo ni utangulizi wa wimbo. Bwana shamba akaingia kwenye kupunguza miche.

Revocatus akainuka. Hakunitazama. Akaondoa sindano kwa adabu, akachomeka ukucha wake kwenye spika aliyokuja nayo. Mkwaruzo. Dagaa wanakaangwa. Gitaa. Kisha Mzee Burito mwenyewe, kijana, anaanza kumbembeleza Gauda. Siku ile kwa Matrida simu yake haikuwa inaandika ujumbe!

Na juu ya Mzee Burito, safi kuliko gitaa, sauti yangu: "Sikilizeni hiyo! Flashi itaweza wapi? Flashi ni chakula cha kuku!" Kila marehemu alipovuta pumzi nilikuwa nimeijaza mimi. Anaomba asubiriwe, mimi naeleza sindano. Anataja pamba, mimi nataja vumbi la sindano. Watoto wakaangua kicheko na mama zao wakawafinya. Nilitamani ardhi ipasuke. Ubeti wa mwisho tu ndio uliobaki mtupu, maana hapo Matrida alikuwa ameniletea soda. Sauti ya Mzee Burito ikapita peke yake. Ikaita, "Gauda."

Bibi alikuwa amefumba macho. Akaitika, "Abee."

Niliangalia viatu vyangu. Nilisikia kitu kizito kifuani, na kwa kuwa naandika peke yangu naweza kusema kilifanana na aibu. Lakini pia sikuwa nimekula tangu asubuhi, kwa hiyo ni vigumu kujua.

Ukaja mgao. Shemeji kapewa koti, mpwa kapewa baiskeli, gitaa lisilo na nyuzi likaenda kwa mjukuu. Kisha Bibi akasema mtani hasahauliki. Akaniletea chakula kwa mikono yake mwenyewe, nyama na mchuzi, ndani ya lile bakuli jeusi lenye mdomo. Marieta alikuwa anatazama upande wa ng'ombe. Bibi alijua kila kitu tangu mapema! Aliniacha nichote maji, nisugue sufuria, niinamishe kichwa mbele ya ukoo, na alikuwa anajua.

Akainama karibu yangu. Akasema polepole, bila kucheka, "Mtani hakasirikiwagi. Mila ndiyo imekuokoa leo. Kama si mkeo kumtafuta huyu kijana wa miwani, mimi ningemsikia wapi tena mume wangu? Haya, huo ndio mgao wako. Kula."

Kisha akageuka kwa watu na kuwaambia mtani wake amepika santuri ikaiva. Ukoo mzima ukacheka mpaka padri akavua miwani kujifuta macho. Santuri, kwa wasiojua, ina tundu katikati. Mchuzi ukashuka kwenye suti ya kahawia. Marieta akanong'ona nizibe kwa tonge la ugali. Nikakataa kufundishwa, nikaziba kwa kidole cha mkono wa kushoto, na ndivyo nilivyokula mpaka mwisho.

Jumanne, 26 Agosti

Nimetafakari kwa kina. Mambo hayakwenda vibaya.

Revocatus ameutuma ule wimbo kwenye simu za watu. Kwa Matrida wameupiga Jumapili nzima. Leo nimeusikia kwenye bajaji mbili tofauti, na madereva wote wanaijua sehemu ya chakula cha kuku. Marieta anasema Bibi Gaudensia anausikiliza kila asubuhi akichambua mboga. Revocatus alijitolea kuifuta sauti yangu kwa kompyuta, Bibi akakataa. Kasema mtani ni wa msiba, abaki humo humo na Burito, amchokoze. Nilipoambiwa hivyo nilitoka nje kidogo. Vumbi machoni.

Kwa hiyo tuseme ukweli. Mkoa mzima unanisikiliza mimi, Mzee Burito akinisindikiza kwa gitaa. Revocatus amekuwa mchukuzi wangu. Hajui, masikini.

Lakini mtu mwenye maono hakai palepale. Santuri nimeziona udhaifu wake: pana mno, zinajikunja. Wakati ujao ni wa kanda. Nimezungumza na katibu wa kwaya ya parokia, ameniazima boksi la kanda zao za zamani, nizitie hadhi kabla ya jubilei yao. Waimbaji wengi wa humo ni marehemu sasa. Nakala nyingine hakuna, katibu alilirudia hilo mpaka akanichosha. Nikamwambia amemkabidhi mtu makini.

Tatizo lake dogo ni unyevu. Boksi lilikuwa stoo, kanda zinanuka ukungu. Gibson amepiga simu kutoka Bunda tangu asubuhi, eti kasikia nina kanda na kuna jambo anataka kuniambia haraka. Sijapokea. Vichanja vya Bukima vimejaa, giza limerudi na dagaa wanatoka, na Marieta yuko sokoni. Haidhuru. Kanda ni utepe mwembamba, hauna cha kujikunja. Nimezivuta zote nje ya makasha yake, nimezitundika kwenye kamba ya nguo, ndefu nzuri, zinameremeta. Ni kwa muda mfupi tu, jua la asubuhi. Upepo wa ziwa nao umeanza kuvuma vizuri, na kuku wa jirani wamekuja kutazama.